Macho Kwenye Karatasi

Mama mkwe wangu haniogopeshi kwa ukali. Ananiogopesha kwa utaratibu. Ni mwanamke wa kukunja barua mara tatu bila rula na pande zote zikalingana, wa kumsikiliza mtu nusu saa nzima bila kumkatiza, ili tu ajue sentensi yake inaishia wapi. Mtaa mzima unamwita Bi Nukta, na jina hilo hakuliokota. Aliwahi kumrudisha mlangoni katibu wa chama cha wasukuma mikokoteni kwa sababu kumbukumbu za mkutano wao hazikuwa na nukta hata moja, tangu sala ya kufungua hadi ya kufunga. "Huyu anaongea bila kupumua," alisema. "Nikimchapia hivi hivi atanifia mikononi."

Basi mwanamke wa namna hiyo aliponipigia simu asubuhi moja akinong'ona, nilijua kuna jambo zito.

"Uko wapi, baba?"

"Kazini, mama. Shikamoo."

"Marahaba njoo sasa hivi usije na mtu na mke wako usimwambie." Akakata.

Miaka kumi na miwili nimemuoa binti yake, hajawahi kuniomba nimfiche mke wangu kitu. Nilishusha mlango wa duka langu la kutengeneza kompyuta, nikamwacha mteja amesimama na laptopu yake kifuani kama mtoto mwenye homa, nikaondoka. Njiani niliwaza kifo. Niliwaza ugonjwa ule ambao daktari anautaja huku anaangalia dirishani. Niliwaza hata polisi, Mungu anisamehe. Kitu ambacho sikukiwaza hata kidogo ni matangazo ya biashara.

Ngoja kwanza nieleze kazi yake, maana bila hivyo hofu yake itaonekana ya kitoto, na mimi sitaki mtu amcheke. Nikitaka kumcheka nitamcheka mwenyewe, tena nikiwa mbali.

Alijifunza kuchapa enzi za mashine za chuma, katika chumba chenye wasichana kumi na wawili na mwalimu mmoja aliyekuwa na rula. Mwalimu huyo aliwafunika mikono kwa kitambaa cheusi ili wasione vidole vyao. Kazi ya macho, aliwaambia, ni kusoma mwandiko wa mtu, si kutazama mashine. Aliyeinua macho alichapwa kwenye kifundo cha kidole. "Macho kwenye karatasi!" ndio uliokuwa wimbo wao wa mchana kutwa. Mama mkwe alitoka pale akiwa anaweza kuchapa barua ya kurasa tatu bila kuitazama mashine hata mara moja, na mpaka leo ndivyo anavyofanya. Kazi hiyo ilimlisha ofisini, na mumewe alipofariki ikamlisha nyumbani, katika chumba cha mbele chenye dirisha la nondo, meza moja, kompyuta moja na printa inayokohoa. Wanawe watatu wamesomeshwa na vidole vile kumi.

Kompyuta aliipokea kama mashine ya chuma iliyonyamazishwa. Mashine ya zamani, mstari ukifika mwisho kengele ililia na mkono ukasukuma karatasi bila kuuliza. Kwenye kompyuta, mkono ule ukawa kidole kidogo cha kulia, na kusukuma kukawa kugonga Enta. Kijidirisha chochote kikirukia mbele ya kazi yake hakukisoma. Aliona tu kwa pembe ya jicho kwamba herufi haziendi, akagonga Enta, kijidirisha kikaondoka, akaendelea. Alikuwa anaita hivyo kumpisha mgeni. Mimi nilimwona akifanya hivyo mara mbili, na mara mbili nikanyamaza, kwa sababu mkwe hamfundishi mama mkwe kazi aliyoianza kabla yeye hajazaliwa. Adabu yangu ile, nikiikumbuka, nataka kujizaba kofi.

Sasa lililo kubwa. Mara moja kwa mwaka Bi Nukta huchapa mtihani wa kanda, ule wa shule kumi na moja, unaoamua mtoto gani anaingia darasa la mwisho na yupi anarudia. Mwenyekiti wa kamati ya mitihani, mwalimu mkuu mmoja ambaye watu humwita Mzee wa Lakiri, huuleta mwenyewe katika bahasha iliyopigwa muhuri wa lakiri, ile nta nyekundu ya kuyeyusha, wenye moto kabisa, mpaka unaunusa. Mama mkwe hufunga dirisha, hutundika shuka kwenye nondo, huchapa siku sita akiwa peke yake, na kila karatasi iliyoharibika huichoma ndani ya kopo la rangi uani. Mjukuu haingii. Paka haingii. Miaka kumi na tisa halijawahi kuvuja swali hata moja.

Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mchapaji mwingine, rafiki yake wa tangu enzi za kitambaa cheusi. Mwaka mmoja maswali ya hesabu yalionekana mikononi mwa watoto siku mbili kabla ya mtihani. Haikujulikana yalipitia wapi. Mtihani ukafutwa, watoto wakarudia mwaka mzima, na ingawa hakuna aliyemthibitishia kosa lolote, yule mama aliacha kusalimiwa. Aliondoka mjini asubuhi moja na masanduku yake, na aliyemsindikiza hadi kituo cha mabasi alikuwa mmoja tu. Mama mkwe haisimulii hadithi hiyo. Mke wangu ndiye aliyeniambia, na aliniambia mara moja, taratibu, kama mtu anayekuonyesha kovu.

Nilipofika, mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umefungwa kwa funguo. Niligonga. Nikasikia kiti kikivutwa, kisha funguo, kisha jicho lake kwenye upenyo.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mama."

Ndani kulikuwa na giza la shuka na joto la kukaba. Kompyuta ilikuwa imegeuzwa ikatazama ukuta, nayo imefunikwa blanketi mpaka chini. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa na kufungwa fundo. Fundo! Printa nayo ilikuwa imechomolewa, na hata redio ndogo ya kwenye rafu, ambayo haikuwa na kosa lolote. Yeye alikuwa ameweka kiti chake kati ya ile kompyuta na mlango, na kwa jinsi macho yalivyokuwa yamemvimba, niliona kwamba alikuwa amekesha pale zaidi ya usiku mmoja.

"Inaona," aliniambia.

"Nini, mama?"

"Hiyo." Hakuinyoshea kidole. Aliionyesha kwa kidevu, kama watu wanavyomwonyesha mtu wasiyetaka ajue anasemwa.

Nikamkalisha, nikamletea maji, nikamwacha aseme. Siku nane zilizopita, alisema, kwenye bahasha kulikuwa na flashi. Mwalimu wa hesabu alichora maumbo yake kwenye kompyuta, na faili lile lilikubali kusomwa tu, halikukubali kurekebishwa. Akatafuta intaneti programu ya bure ya kuligeuza. Akapata moja, ya kwanza kabisa kwenye orodha, yenye kitufe kikubwa cha kijani. Akaipakua, akaiweka, ikafanya kazi vizuri. Kesho yake vikaanza vijitangazo kwenye pembe ya skrini, viatu, sufuria, nywele za bandia. Akavipisha. Ukurasa wake wa kutafutia ukabadilika rangi. Akaupisha nao. Alitafuta dawa ya goti, na tangu hapo kila alikoenda goti likamfuata, mafuta ya goti, mkanda wa goti, daktari wa goti anayecheka. Hapo ndipo baridi ilipoanza kumwingia.

"Nikajiuliza, imejuaje goti langu? Sijamwambia mtu. Hata binti yangu hajui."

Juzi, mchana, akiwa kwenye karatasi ya hesabu, aliingia intaneti kidogo kutafuta namna ya kuweka alama ya pembe kwenye maswali ya mtihani wa hesabu. Aliporudi kwenye kazi yake na kuanza kuchapa, herufi zikakwama. Akagonga Enta. Zikakwama tena. Safari hiyo aliinua macho.

Alinieleza alichokiona. Ulikuwa utepe wa njano, katikati ya skrini, juu ya swali la kumi na nne alilokuwa hajalimaliza. Uliandikwa kwa herufi kubwa: MAJIBU YA MTIHANI WA HESABU WA MWAKA HUU. BOFYA HAPA UYAPATE.

Sitadanganya. Mimi ni fundi, najua jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi, na bado niligeuka kulitazama lile blanketi. Hebu jiweke mahali pake. Umefunga dirisha, umetundika shuka, umechoma karatasi, umemfukuza paka, na mtihani ulio mbele yako, ambao watu wawili tu duniani wanao, unakuuliza kama unataka majibu yake.

Kabla hajavuta pumzi, skrini yote ikawa nyekundu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamume ikaanza kurudia: kompyuta yako imeingiliwa, faili zako zote zinaonekana, usizime, piga namba hii. Usizime, usizime. Alichukua simu. Alibonyeza tarakimu zote isipokuwa ya mwisho. Kisha akachomoa waya ukutani, na tangu hapo alichokuwa anakiogopa zaidi ni kwamba, kwa kuwa aliambiwa asizime na yeye amezima, labda ndipo alipoufungulia mtihani uende zake.

"Niambie ukweli," alisema. "Usinionee haya kwa sababu mimi ni mkweo. Imevuja?"

"Ngoja niione kwanza, mama."

Nilifungua fundo la waya, ambalo lilinichukua muda kwa sababu alilikaza kwa nguvu zake zote. Modemu ya intaneti niliiweka mfukoni mwangu ili isichomekwe hata kwa bahati mbaya. Hilo ndilo la kwanza siku zote: mwizi wa namna hii bila intaneti amefungiwa nje, atagonga tu. Nikawasha. Mama mkwe alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa mlango.

Ukurasa wa intaneti ulijifungua wenyewe bila kuombwa, mtupu, na visanduku vya kijivu mahali ambapo matangazo yangekaa. Nikaenda kwenye orodha ya programu zilizomo, nikazipanga kwa tarehe ya kuingia. Hapo hakuna maajabu, ni kusoma tu. Zilikuwa nne, zote zimeingia siku moja, dakika moja: ile ya kugeuza faili, ya pili inayodai kusafisha kompyuta, ya tatu inayodai kutafuta bei nafuu, ya nne ni ubao wa kutafutia. Moja aliialika. Tatu zilikuja nyuma yake kama watu wanaomfuata bwana harusi wasiyemjua ili wale pilau.

"Mimi sikuweka vitu vinne," alisema. "Niliweka kimoja."

Niliufungua mkoba wangu. Humo huwa na laptopu kuukuu ninayoitumia kwa mambo ya hatari, haina kitu cha kuibiwa, hata picha. Faili la ile programu lilikuwa bado kwenye kompyuta yake, mahali yanapokaa mapakuliwa. Nikalihamishia kwenye laptopu yangu kwa flashi, nikalifungua, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili nikamwamuru mama mkwe wangu.

"Njoo ukae hapa. Soma kwa sauti. Usiguse kitu."

Alikuja. Akavaa miwani. Akasoma.

"Karibu. Bonyeza Endelea." Ukurasa wa pili. "Ninakubali masharti." Ukurasa wa tatu ulikuwa na visanduku vidogo, na kila kisanduku kilikuwa kimeshatiwa tiki. "Ninakubali kuongezewa ubao wa kutafutia. Ninakubali ukurasa wangu wa kwanza ubadilishwe. Ninakubali kuonyeshwa matangazo yanayonifaa. Ninakubali..." Sauti ikapungua. "Ninakubali kukusanywa taarifa za matumizi yangu."

Kitufe cha Endelea kilikuwa cha kijani, kikubwa kama biskuti. Pembeni, kwa kijivu hafifu juu ya kijivu, palikuwa na neno Kataa, dogo mpaka alisogeza pua.

"Hizi tiki nani kaziweka?"

"Wao, mama."

"Na nani kakubali?"

Nilijifanya nashughulika na waya.

"Mimi ndiye niliyekubali," alisema. "Mara nne. Macho yangu yalikuwa kwenye swali la kwanza."

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tunavyosema, na tunamsema jirani au ndugu. Siku hiyo niliona mtu akigundua kwamba kinachomla ni kidole chake mwenyewe, tena kile alichosifiwa kwacho maisha yake yote. Aliutazama mkono wake wa kulia. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na nikiwa na hasira huwa nafanya kazi vizuri.

Niliziondoa zote nne, moja baada ya moja. Ya kusafisha ilinibembeleza, ikauliza nina uhakika, kisha ikabadilisha nafasi za vitufe ili nikibonyeza haraka nibonyeze Baki. Mashetani wana elimu siku hizi. Nikaingia kwenye kivinjari, mahali pa vile viprogramu vinavyojibandika, nikakuta viwili vyenye majina ya upole, nikavitoa. Nikafungua orodha ya tovuti zilizopewa ruhusa ya kumtumia arifa. Zilikuwa kumi na saba, na kila moja ilikuwa Enta moja ya Bi Nukta. Nikazifuta zote. Nikarudisha ukurasa wa kwanza na wa kutafutia kama zamani. Nikaikagua ile alama anayobofya kufungulia intaneti, na kweli, kwenye maelezo yake walikuwa wamebandika anwani yao mkiani. Nikaikata. Mwisho nikapitisha programu ya kusafisha, halali, niliyoipakua mwenyewe dukani kwangu kutoka kwa wenyewe walioitengeneza, na ikanasa mabaki mawili. Moja lilikuwa agizo lililofichwa kwenye ratiba ya kompyuta: kila asubuhi saa tatu, yarudishe yote. Kama ningeishia kwenye zile nne, kesho yake zingekuwa zimekaa kitako zinatungoja.

Ilikuwa imeshafika saa tisa alasiri. Nikaizima, nikaiwasha, kimya. Nikairudishia modemu, kimya. Skrini nyeupe, safi. Nilitegemea atashusha pumzi. Hakushusha.

"Sasa nijibu," alisema. "Imeusoma mtihani?"

Nilimweleza ninavyojua. Vitu hivi ni wachuuzi. Vinafuata unakokwenda kwenye intaneti, unachotafuta, unachobofya, ili vikuuzie. Ulitafuta goti, vikakuletea goti. Ulitafuta mtihani wa hesabu, vikakuletea mtu anayejidai kuuza majibu, ambaye hana majibu yoyote, ana mtego wake tu. Ile nyekundu na king'ora ni ukurasa kama kurasa nyingine, unafungwa, na ile namba ni ya matapeli. Kuzima hakukuharibu kitu. Kwa kawaida havifungui faili ulizochapa.

"Kwa kawaida," alisema.

"Ndiyo, mama. Kwa kawaida."

"Unaweza kuapa?"

Ile ya bei nafuu sikuijua undani wake. Imekaa siku nane humo, na siku sita kati ya hizo mtihani ulikuwa wazi mbele yake. Fundi wa kweli hawezi kuapa juu ya hilo.

"Siwezi kuapa."

Mtihani ulikuwa umebaki siku tano. Na hapa ndipo ninapotaka nijishitaki mwenyewe, kwa sababu nilimsogelea, nikashusha sauti, nikasema, "Mama, kompyuta ni safi. Hakuna aliyeona. Anayejua ni wewe na mimi, na mimi nimeshasahau."

Nilikuwa naogopa, ndiyo sababu. Nilikuwa naona masanduku kituo cha mabasi. Nilikuwa namwona mke wangu sokoni akisalimia na watu wakitazama nyanya.

Alinitazama bila ukali, na ilikuwa afadhali angenitukana.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Na hapa wa kufa si mimi. Ni watoto wa watu." Akainuka, akabadilisha viatu. Kwenye kizingiti alisimama, akashika fremu ya mlango. "Twende wote," alisema. "Peke yangu sitafika."

Shule ya Mzee wa Lakiri si mbali, dakika kumi kwa miguu, lakini sisi tulitumia karibu nusu saa. Alikuwa anasimama. Kila aliyemsalimia alimjibu kwa jina lake na kumuulizia watoto wake mmoja mmoja, kama mtu anayeaga. Mimi nilikuwa nyuma, nimebeba mkoba wangu, nikiomba Mungu huyo mwalimu asiwepo.

Alikuwepo. Ni mtu mnene, mpole, mwenye funguo za kabati la mitihani shingoni kwa kamba, na hazivui hata akinyolewa. Alishangaa kumwona.

"Bi Nukta! Umeshamaliza? Ningekuja kuichukua mwenyewe."

"Sijaja kuileta, Mwalimu. Nimekuja kukuambia kwamba siwezi kuapa juu yake."

Akamwambia yote, amesimama, mikono kando, sentensi fupi fupi kila moja na mwisho wake. Hakunitaja kwa lolote isipokuwa kusafisha. Hakusema programu imemwingilia. Alisema, niliikubali bila kusoma. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilikuwa namngojea yule mzee apige meza.

Akacheka.

Hakuwa anamdhihaki. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Matangazo?" alisema. "Mama, umenishtua bure! Nilidhani umeibiwa bahasha. Hayo matangazo hayana neno, yamekuja na kompyuta za siku hizi. Hata mimi ninayo. Tangu mwaka juzi."

Akageuza laptopu yake kwenye meza ili atuonyeshe.

Ilikuwa imeunganishwa na intaneti. Pembe zote mbili zilikuwa zinawaka. Juu kulikuwa na mbao tatu za kutafutia, mmoja juu ya mwingine, na chini utepe wa njano ulikuwa unapita polepole ukiuza kozi, dawa za upara, majibu ya mitihani. Alikuwa ameyazoea matangazo kiasi kwamba aliyafunga mawili kwa kidole bila kuyatazama, huku anaendelea kutabasamu.

Mama mkwe alishika ukingo wa meza.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Walimu wa shule zote kumi na moja, maswali yao wanakuletea kwa njia gani?"

"Kwa barua pepe. Humu humu. Mimi nayachapisha, natia kwenye bahasha, napiga lakiri, nakuletea."

"Na ya miaka iliyopita?"

"Yamo pia. Sijafuta kitu." Bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kusimama peke yake usoni. Alinitazama mimi, kisha skrini, kisha mimi tena. "Fundi? Si ndivyo zilivyo, hizi kompyuta?"

Nilitikisa kichwa tu, kwamba sivyo.

Mkono wake ulipanda ukashika zile funguo za shingoni, ukabaki umezishika. Alijaribu kuketi, kiti kikawa mbali kuliko alivyodhani, nikamdaka kiwiko. Nje watoto walikuwa wanapigiwa kengele ya kwenda nyumbani, wakapita dirishani kwa kelele zao zote, na mzee yule alikuwa anawatazama kama mtu aliyewakosea mmoja mmoja.

"Usiku na mchana," alinong'ona. "Miaka miwili nimeiacha wazi."

Nilidhani mama mkwe angelia. Ilikuwa haki yake. Shuka la dirishani, kopo la moto, siku sita za kukaa gizani, vyote alikuwa akiifungia nyumba ambayo mlango wake mwingine ulikuwa wazi hapa tangu mwaka juzi. Na angeweza kugeuka wakati ule, aende zake, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu tena kwa lolote. Nilimsubiri ageuke.

Alichomoa waya wa intaneti kwenye ukuta, akaushika mkononi asijue pa kuuweka. Kisha akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, akachukua karatasi nyeupe na kalamu ya mwalimu.

"Kamati ni lazima ijue leo," alisema. "Mtihani huu usifanywe. Utungwe mwingine, kwa mkono, upelekwe kwa mchapaji mwingine."

"Watanimaliza, Bi Nukta." Mzee bado alikuwa amezishika zile funguo. "Watasema ni mimi. Na hata ule wa mwaka ule, wa yule mama aliyehama, watauliza kama nao ulitokea kwangu..."

"Wacha waulize."

"Nitaandika nini? Nianzie wapi?"

Mama mkwe aliinamia karatasi, akaandika tarehe.

"Tutaanza na kosa langu," alisema. "Lako litafuata."

Aliandika kwa mkono, kurasa mbili. Akaweka sahihi yake. Mwalimu akaweka yake chini, imepindapinda. Kisha barua ikakunjwa mara tatu, pande zote sawa, na mama mkwe akanikabidhi mimi niliyetaka tunyamaze, niipeleke ofisi ya kanda kabla haijafungwa.